Mfyonzo wa Haidrojeni katika Metali za Sumaku

Kilima cha Ngualla, katika Wilaya ya Songwe, kina mwamba wa kabonatiti uliobeba madini adimu. Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa kuyachimba, ikiwa na hisa asilimia 16 katika kampuni ya Mamba Minerals. Sifa kubwa ya Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu, metali za kutengenezea sumaku kali. Anayetaka kuzielewa sumaku hizo hana budi kuielewa haidrojeni, na istilahi ya kuanzia ni mfyonzo.

Neno kufyonza mwanafunzi analijua tangu shule ya msingi: mizizi hufyonza maji, utumbo hufyonza chakula. Gesi ikishika juu ya uso wa metali tu, huko ni kunata. Katika mfyonzo, molekuli ya haidrojeni hugawanyika usoni kuwa atomi mbili, na kila atomi hupenya ndani na kukaa katika upenyo ulio kati ya atomi za metali. Kinachopatikana huitwa haidridi.

Metali za sumaku hizo si aloi ya kawaida kama shaba na bati, ambazo fundi huchanganya kwa kipimo atakacho. Ni kampaundi ya metali kwa metali, yenye uwiano maalumu, na kila atomi ina mahali pake. Sumaku ya neodimiamu, kwa mfano, ina atomi 2 za neodimiamu kwa 14 za chuma na 1 ya boroni.

Mwaka 1969 watafiti wa Philips, Eindhoven, walieleza jinsi kampaundi ya samariamu na kobalti inavyofyonza haidrojeni na kupoteza ukaidi wake. Ukaidi ni neno ninalolipendekeza kwa uwezo wa sumaku kukataa kugeuzwa na sumaku nyingine. Sumaku isiyo na ukaidi haifai kwenye mota.

Lakini haidrojeni haidhoofishi kila kitu, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Kampaundi ikifyonza, huvimba kama maharage yaliyolowekwa. Katika kampaundi nyingi zenye chuma kingi, baadhi ya atomi za chuma zimebanana mno, hata sumaku zake ndogo huelekea kupingana. Uvimbe huzitenganisha kidogo, zikakubaliana, na nyuzijoto ya Curie, yaani joto ambalo likipitwa usumaku hutoweka, hupanda. Kwa kobalti na nikeli mambo mara nyingi huwa kinyume: usumaku hupungua, kwa sababu haidrojeni huvuruga mpangilio wa elektroni zinazouzaa.

Kampaundi ya lanthanamu, chuma na silikoni hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Ikishiba haidrojeni, kiwango hicho hupanda hadi zaidi ya nyuzi 50. Katikati humo ndimo lilimo joto la chumba, ndiyo maana watafiti wanaitumia kujaribu majokofu yanayopoza kwa sumaku bila gesi. Lanthanamu nayo imo kwa wingi katika mwamba wa Ngualla.

Uvimbe huohuo una faida nyingine. Sumaku ya neodimiamu ikiwekwa ndani ya haidrojeni, mipaka kati ya chembe zake hufyonza kwanza, ikavimba na kupasuka, na sumaku ikawa unga usio na ukaidi. Unga huo unaweza kutengenezewa sumaku mpya. Njia hii imeendelezwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, chini ya Rex Harris, na ndiyo iliyozaa kampuni ya HyProMag mwaka 2018. Waliokuja kuinunua ni haohao walioendeleza mradi wa madini adimu wa Songwe Hill, ulioko Phalombe, kusini mwa Malawi, ambao msomaji asiuchanganye na mkoa wetu wa Songwe.

Sumaku za neodimiamu zimo pia katika spika za simu mbovu zinazotupwa Tunduma kila siku. Walimu wa fizikia wa Tunduma, Vwawa na Mkwajuni, pasueni spika moja mbele ya darasa, muitoe sumaku yake, na mfundishe maneno haya matatu: mfyonzo, haidridi, ukaidi.