Mbu wa Ifakara na mtihani wa Kiingereza

Wadau, leo twende Ifakara, bonde la Kilombero. Pale kuna kituo cha utafiti wa afya kilichoanza miaka ya 1950, na malaria ni kazi yake kubwa. Kijana wa pale mbu anamjua. Shule ya msingi kamsoma kwa Kiswahili. Akifika Kidato cha Nne, mtihani wa Baiolojia unamtaka amweleze mbu huyo huyo kwa Kiingereza. Sasa hapo inapimwa baiolojia au lugha?

Swali hili ni la zamani. Shule za msingi zilihamia Kiswahili mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, aliyoiunda Nyerere mwenyewe, ikapendekeza sekondari zifuate kuanzia 1985. Serikali ikagoma. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wetu, wakakuta wengi mno hawawezi kusomea masomo kwa Kiingereza. Dawa ikawa nini? Mradi wa kuongeza Kiingereza, kwa msaada wa Uingereza! (Jamani.)

Sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu Kiswahili ngazi zote. Karatasi ya Baiolojia ya Kidato cha Nne imebaki kwa Kiingereza.