Kutoka Bomba la Gesi hadi Daiodi: Historia ya Leza za Mafundi wa Ridhaa

Historia ya leza, yaani kifaa kinachotoa mwanga wa rangi moja uliokusanyika katika mwali mwembamba usiotawanyika upesi, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maabara kubwa na tuzo za Nobel, ilhali sambamba nayo imekuwepo historia nyingine, isiyoandikwa sana, ya mafundi wa ridhaa waliojiundia leza nyumbani kwa vipuri vya kununua au vya kuchomoa katika mashine zilizokufa. Historia hii ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaonyesha kwamba kadiri miaka ilivyopita kazi ya kuunda leza ilizidi kuwa nyepesi huku nguvu ya mwali ikiongezeka, na maarifa ambayo fundi wa awali hakuweza kuyakwepa yakageuka kuwa jambo la hiari.

Msingi wa nadharia uliwekwa na Albert Einstein mwaka 1917, alipoeleza kwamba atomu iliyokwisha kulimbikiza nishati inaweza kuchochewa na mwanga unaoipitia, nayo ikatoa mwanga mwingine unaolingana kabisa na ule ulioichochea. Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla nadharia hiyo haijazaa kifaa, hadi tarehe 16 Mei 1960, ambapo Theodore Maiman, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, alikizungushia kijiti cha yakuti nyekundu taa ya mmweko yenye umbo la koili, akapata mpigo wa mwanga mwekundu. Taa ile ilikuwa bidhaa ya kawaida iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga picha, na kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza leza ilikuwa na sehemu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Desemba ya mwaka huohuo Ali Javan, William Bennett na Donald Herriott wa Bell Labs waliwasha leza ya gesi za heli na neoni, iliyotoa mwali mfululizo badala ya mipigo, na kufikia mwaka 1962 aina hiyo iliweza kutoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita.

Leza hiyo ya gesi ndiyo iliyofungulia mafundi wa ridhaa mlango. Septemba 1964 jarida la Scientific American, katika safu ya wanasayansi wasio wa kulipwa iliyosimamiwa na C. L. Stong, lilichapisha maelekezo ya kuiunda nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa ndefu na ngumu: fundi alihitaji bomba jembamba la kioo, pampu ya kuondolea hewa, na gesi zilizoingizwa kwa kanieneo isiyofika hata sehemu moja ya mia ya ile ya hewa tunayoivuta, kisha umeme wa maelfu ya volti wa kuziamsha gesi hizo. Kwenye kila ncha kilisimama kioo cha kuakisi kilichopakwa tabaka nyembamba nyingi ili kirudishe takriban mwanga wote uliokigusa, kwa sababu gesi ile huukuza mwanga kidogo sana kila unapopita, na upotevu mdogo tu kwenye vioo ulitosha kuizima leza. Vioo hivyo viwili vililazimika kutazamana kwa usahihi usiopimika kwa macho matupu, hivyo fundi alizungusha skrubu ndogo kwa subira, pengine kwa siku kadhaa, akisubiri doa jekundu lijitokeze ukutani. Aliyefika hapo alipata miliwati chache tu, yaani sehemu chache za elfu za wati, lakini alikuwa amejifunza ombwe, umeme, gesi na elimu ya mwanga kwa pamoja, na hakuna shule iliyofundisha hayo yote kwenye meza moja.

Safu ileile iliendelea na leza za aina nyingine, ikiwemo ya naitrojeni mwaka 1974, inayotoa mwanga wa urujuanimno usioonekana na ambayo wengine baadaye waliweza kuiendesha kwa hewa ya kawaida. Hata hivyo, mageuzi makubwa yalitoka upande mwingine. Mwaka 1962 Robert Hall na wenzake wa kampuni ya General Electric walipata leza kutoka kwenye daiodi, yaani kipande kidogo cha semikondakta kinachopitisha umeme kuelekea upande mmoja, ingawa wakati huo kililazimika kupozwa kwa baridi kali sana. Mwaka 1970 kikundi cha Zhores Alferov huko Leningrad, na muda mfupi baadaye Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Labs, wakazifanya daiodi hizo zitoe mwali mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Kilichofuata kilikuwa biashara: mashine za kuchezea CD zilizoingia madukani Japani mwaka 1982 zilitumia daiodi za nanomita 780, DVD ya mwaka 1996 ikahitaji nyekundu za nanomita 650, na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia akafungua njia ya zile za zambarau za nanomita 405 zilizokuja kusoma diski za Blu-ray. Kwa mafundi wa ridhaa maana yake ilikuwa kwamba kila mashine ya kurekodi DVD iliyotupwa jalalani ilibeba ndani yake leza yenye nguvu kuliko bomba la mwaka 1964.

Vifurushi vya vipuri vya leza ya mkononi vinavyouzwa leo vimetokana na desturi hiyo ya kuchomoa. Ndani yake huwamo daiodi yenye kipenyo cha milimita 5.6, kitako cha shaba cha kuibania ili joto lipate njia ya kutokea, lenzi ya kuukusanya mwanga, mwili wa alumini kama wa tochi, betri, na saketi ya kudhibiti mkondo wa umeme. Saketi hiyo ndiyo kiini cha kazi, kwa kuwa daiodi inapopata joto huruhusu mkondo zaidi upite, mkondo huo huongeza joto, na mzunguko huo usipokatwa uso wa kutolea mwanga huungua. Mafundi wengi walitumia kipuri cha bei nafuu kiitwacho LM317, ambacho hushikilia volti 1.25 kwenye kipingamizi kimoja, hivyo kipingamizi cha omu 5 huweka mkondo wa miliampea 250 bila kujali hali ya betri. Aliyewasha saketi kabla ya kuunganisha daiodi aliiacha kapasita ya saketi hiyo, yaani kipuri cha kuhifadhi umeme, ikijaa, na alipounganisha daiodi bila kuumwaga kwanza umeme huo, daiodi ilikufa papo hapo. Iliendelea kung'aa, lakini kwa mwanga hafifu wa taa ndogo ya kawaida, usioweza tena kukusanywa kuwa mwali.

Kuanzia mwaka 2010 projekta za kampuni ya Casio zilizotumia daiodi za bluu za nanomita 445 ziliwapa mafundi hao kifaa chenye nguvu ya karibu wati nzima, na hapa ndipo tofauti na enzi ya bomba inapotia hofu ya haki. Volti za bomba zilimtisha fundi kabla hajagusa chochote, ilhali daiodi huendeshwa kwa betri isiyoweza kumrusha mtoto, na hatari yote imehamia kwenye mwali. Lenzi ya jicho huukusanya mwali huo kwenye nukta moja ya retina, ambayo ni utando wa nyuma unaopokea picha, na kope, ambazo huchukua takriban robo ya sekunde kufumba, huchelewa mno mbele ya leza ya wati moja. Marekani huweka kikomo cha miliwati 5 kwa leza zinazouzwa kama vielekezi, lakini mwaka 2013 wataalamu wa taasisi ya vipimo ya nchi hiyo, NIST, walipopima vielekezi 122 walikuta takriban asilimia 90 ya vile vya kijani havitimizi kanuni za usalama. Mwaka 2012 nchi hiyo ilifanya kuelekeza leza kwenye ndege kuwa kosa la jinai la shirikisho, na wapenzi wa soka barani Afrika walijionea wenyewe ubaya wa kumwelekezea mtu leza tarehe 29 Machi 2022 karibu na Dakar, Mohamed Salah wa Misri alipopiga penalti dhidi ya Senegal uso wake ukiwa umejaa miale ya kijani.

Fundi makini, kwa hiyo, huanza na miwani kabla ya daiodi. Miwani hiyo hupimwa kwa namba ambayo kila inapoongezeka kwa 1 mwanga unaopenya hupungua mara kumi, hivyo yenye namba 4 hupitisha sehemu moja tu ya elfu kumi, na namba hiyo ni halali kwa urefu wa wimbi ulioandikwa kwenye fremu pekee. Miwani ya rangi ya machungwa inayozuia bluu ya nanomita 445 inaweza kuupitisha mwali mwekundu wa nanomita 650 kana kwamba aliyeivaa hakuvaa kitu.