Nangara: Matibabu na Afya ya Akili kwa Aila za Wanajeshi

Nangara ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na hapa inatajwa kwa ajili ya mke, watoto na wazazi wa mwanajeshi, wakaao mitaani mbali na kambi muda wote ambao mtu wao yumo kazini. Hospitali kuu ya Jeshi la Wananchi, jeshi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, ni Lugalo, nayo iko Dar es Salaam; basi mwenye homa au uchungu wa kuzaa huelekea hospitali ya Mrara mjini Babati au hospitali ya rufaa ya mkoa, akapanga foleni pamoja na raia wenziwe.

Dhiki ya nafsi ndiyo isiyopata foleni. Tarehe 13 Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliokuwa katika ulinzi wa amani waliuawa Darfur, nchini Sudan, na tarehe 7 Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 wakauawa Semuliki, mashariki ya Kongo. Na kila msiba wa namna hiyo huzitia hofu hata nyumba zisizofiwa, kwani anayengoja hajui zamu ya nani itafuata. Hata aliyerejea salama huenda akarejea na usingizi wa kushtukashtuka, ghadhabu za ghafula au ulevi, mambo ambayo mkewe huyafunika kwa sitara, akiyahesabu kuwa ni aibu ya nyumba ilhali ni maradhi yenye tiba.

Hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko Dodoma, na barabara ya lami kutoka Babati imeurahisisha mwendo. Lakini jina lenyewe limegeuzwa tusi vinywani mwa watu, hata mgonjwa akaogopa zaidi kuonekana akielekea huko kuliko anavyoyaogopa maradhi. (Dhuluma hii ni kubwa, kwa kuwa Mirembe imewarudisha wengi makwao wakiwa wazima.) Kwa sababu hiyo tiba ya sonona na ushauri nasaha havina budi kuanzia zahanati, kwa faragha, na tabibu amwulize mama aliyeleta mtoto kliniki kuhusu usingizi wake mwenyewe na hali ya mumewe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa malipo. Watumishi waliofundishwa kutibu maradhi ya nafsi ndio wapelekwe zahanati sasa, na Nangara isiachwe nyuma.