Peugeot 404 na barabara za vumbi zilizoipa jina

Mwaka 1966 Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uskoti, na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda East African Safari Rally wakiwa na Peugeot 404. Mwaka uliofuata wakashinda tena, kwa gari la aina ileile. Barabara walizopita hazikuwa siri ya mabingwa. Ni zile zile ambazo kila dereva wa lori au basi la mkoani wa enzi hizo alizijua kwa mashimo na makorongo yake.

Leo ukitaja Safari Rally, watu wanafikiria Nairobi na Naivasha. Wakenya wana haki ya kujivunia, maana ndio walioyatunza mashindano hayo. Lakini kwa takriban miaka 20 ya mwanzo yalikuwa ya nchi tatu, na baadhi ya barabara zilizoyapa sifa ziko huku kwetu, kwenye milima ya Usambara na kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Bado zinapitika, hata kwa gari la umri ule. Naona uchungu kwamba tumeacha kumbukumbu hiyo ipotee, kwa sababu hakuna historia ya Afrika Mashariki ambayo mtu anaweza kuigusa kwa urahisi kama hii: unawasha gari na kuifuata.

Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Aliyeyasimamia ni Eric Cecil wa Nairobi. Inasimuliwa kwamba binamu yake, Neil Vincent, alikataa kushindana katika uwanja wa Langa Langa karibu na Gilgil kwa kuwa hakuona raha ya kuzunguka mahali pamoja. Alitaka mbio za masafa, kwenye barabara wanazopita watu. Magari yakaondoka 27 Mei na kumaliza 1 Juni, siku moja kabla ya Malkia kuvishwa taji. Tukumbuke pia ulikuwa wakati gani. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wiki saba tu kabla ya magari kuondoka Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa kifungo kule Kapenguria. Ilikuwa sherehe ya watawala, na wananchi waliosimama kando ya barabara hawakualikwa. Baada ya uhuru Kenyatta huyo huyo, akiwa Rais, ndiye aliyesimama jukwaani na kuyapungia magari bendera yaondoke.

Kanuni moja ya mwaka ule wa kwanza iliyapa mashindano tabia yake. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, wala hayakuruhusiwa kufanyiwa ufundi mwingi. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, la bei kubwa na wenzake. Kwa hiyo aliyesoma matokeo gazetini alikuwa anasoma ushauri wa ununuzi: gari hili, kama linavyouzwa, limevuka Tanganyika, Uganda na Kenya likarudi zima. Mwaka 1953 hakukuwa na mshindi mmoja rasmi wa jumla, ila Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyoendeshwa na Alan Dix ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha wakashinda kwa Volkswagen ya aina hiyo hiyo. Sababu zake fundi yeyote angeziona. Injini iko nyuma, uzito unakaa juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo gari linang'ata tope. Tena injini inapozwa kwa upepo. Hakuna rejeta ya kuchemka mlimani.

Hesabu ya ushindi nayo ilikuwa rahisi. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi ya adhabu. Aliyepoteza pointi chache ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa anakimbizana na saa alipishana na mabasi, mikokoteni, mbuzi, na watu waliokuwa wanatoka kanisani, maana mashindano yalihamia Pasaka, nayo Pasaka huangukia masika. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye tairi hadi gurudumu linajaa na kugoma kuzunguka. Mwaka ukiwa mkavu, vumbi la gari la mbele linaning'inia barabarani kama pazia na dereva wa nyuma anaendesha kwa kukisia.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Nairudia takwimu hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu ya jambo linalofuata: miaka yote miwili, mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, na gari lao miaka yote miwili lilikuwa Peugeot 404. Ukijumlisha na ushindi wa Shankland, 404 ilishinda mara nne katika mashindano sita, kati ya 1963 na 1968.

Inafaa kulitazama gari lenyewe kwa karibu. Lilianza kutengenezwa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia: mistari iliyonyooka, mapezi mawili madogo nyuma. Fungua boneti, injini ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, ndiyo maana boneti likawa chini na fundi akapata nafasi ya kuingiza mkono na spana. Gia zake zinabadilishwa kwa fimbo iliyo kwenye shina la usukani, hivyo mbele wanakaa watu watatu bila kugombana na fimbo sakafuni. Springi zake ni ndefu na laini. Gari linazama kwenye shimo na kuinuka taratibu, na anayetoka kwenye gari la kisasa la springi ngumu hushangaa kuona kichwa chake hakigongi paa. Halafu kuna tundu dogo mbele, chini, la kuingizia hendeli. Betri ikifa porini, unashuka, unaingiza hendeli, unazungusha kwa mkono, na injini inawaka.

Watu hawakuhitaji kuambiwa maana ya hayo. Zile 404 ndefu zenye viti vya safu tatu zikawa teksi za masafa katika Afrika Mashariki nzima, na pikapu zake zikabeba ndizi, maziwa na saruji. Ufaransa ilipoacha kutengeneza saluni ya 404 mwaka 1975, pikapu ziliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Sijui gari jingine ambalo mtoto aliweza kuliona Pasaka likipita kasi likiwa na namba ubavuni, kisha wiki iliyofuata akapakiwa ndani ya jingine la aina ileile pamoja na kuku na magunia.

Ushindi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, si wa Peugeot. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, alishindana kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Timu ya kiwanda ilikuwa imeileta kwa mashindano ya 1964 kisha ikaiacha. Yeye akainunua, akaifanyia kazi na ndugu yake Jaswant, wakaondoka nayo wakiwa gari namba 1, wakashinda. Volvo hiyo kwa umbo ilikuwa ya zamani hata wakati huo, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka ule ule. Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na mashabiki wakamwita Simba wa Kenya.

Wageni walikuja na majina makubwa wakapata taabu. Erik Carlsson wa Sweden, mshindi wa Monte Carlo mara mbili mfululizo, alifika nafasi ya pili mwaka 1964, hakupita hapo. Hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walipoibuka na Ford Escort, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyekuwa amewahi kushinda. Madereva wa hapa hawakuwa na kasi kuliko Wazungu wa ng'ambo. Walijua tu ni mto upi unajaa saa ngapi baada ya mvua, na ni wapi tope lina sakafu ngumu chini yake.

Wajapani walielewa thamani ya jambo hilo mapema. Nissan ilileta magari yake mara ya kwanza mwaka 1963, ikashindwa, ikarudi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1969 Japani ilitengenezwa filamu ndefu ya sinema kuhusu Safari na Datsun, na nyota wake alikuwa Yujiro Ishihara, mwigizaji aliyependwa sana huko. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakaipa Datsun ushindi wake wa kwanza, na 1971 wakarudia na Datsun 240Z. Kisha likaja la 1973. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa ameondoka kwao mwaka mmoja kabla, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Alikuja kushinda mara nne nyingine mfululizo, 1979 hadi 1982.

Lakini ramani ilikuwa imeshaanza kufumuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia zote zilikuwa ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Magari nayo yakawa ya kiwandani kabisa, yenye helikopta juu na mafundi wa kulipwa chini, na uhusiano wao na lile la dukani ukabaki jina. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarejeshwa 2021, ikiwa fupi na kwenye njia zilizofungwa.

Waliorudisha barabara ndefu ni wenye magari ya zamani. Mwaka 2003, miaka 50 tangu Coronation Safari, ulifanyika kwa mara ya kwanza mzunguko wa Safari kwa magari ya kale yanayosukumwa na magurudumu mawili tu, na baadhi ya miaka umevuka tena mpaka kuingia Tanzania. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari ya 1977, alishinda pia hii ya magari ya kale mwaka 2007 akiwa na mwanawe Mathias kama msoma ramani, tena kwa Ford Escort. Mwaka 2011 akashinda kwa Porsche 911, akiwa mtu wa zaidi ya miaka 65.

Huo ni mchezo wa watu wenye fedha nyingi. Nisingependa kumbukumbu iishie kwao, wakati magari haya bado yapo kwenye nyua za nyumba zetu, mengine juu ya matofali, na wazee waliosimamia vituo vya muda bado wako hai katika miji midogo njiani. Wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu wangeanza nao hata kesho.

Kwa mwenye gari zima, pa kuanzia ni Mombo. Barabara ya kwenda Lushoto, ambayo asili yake ni enzi ya Wajerumani, ina kilomita 33 na inapanda tangu mwanzo, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Ni lami, lakini nyembamba na yenye kona kali. Gari la zamani lipande kwa gia ya pili bila haraka, dereva akiwa na jicho kwenye kipimo cha joto. Soni, karibu na maporomoko, ni mahali pazuri pa kulipumzisha na kununua mapea. Kutoka Lushoto, vumbi la kwenda Mtae ndilo linaloonyesha zile springi laini zilitengenezwa kwa kazi gani.

Njia ngumu zaidi ni ya Magara. Ukitoka Babati kuelekea Arusha, unaiacha lami pale Mbuyu wa Mjerumani, unashika barabara ya Mbulu. Zamani Mto Magara ulivukwa ndani ya maji na magari ya Safari yaliweza kukwama hapo. Sasa pana daraja. Baada ya mto unaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini nyuma yako. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Chukua platini na koili ya akiba, mkanda wa feni, mpira wa rejeta na maji ya kutosha, na kagua breki Babati kabla ya kuondoka, kwa sababu ukifika Mbulu una uamuzi wa kufanya: kurudi ulikotoka kwa kuteremka Magara, au kushika njia ya juu kwenda Karatu. Kama breki zako zina shaka hata kidogo, nenda Karatu.