Nyika Isiyokuwa Tupu: Ufipa na Ranchi ya Kalambo

Wafipa wana masimulizi mashuhuri juu ya namna nchi yao ilivyogawanywa mara ya kwanza. Yasemwa kwamba Milansi, kwenye makao ya kale, alitawala mtemi aliyeitwa Ntatakwa. Siku moja alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni, wakaketi juu ya kiti chake, na aliporejea alikuta utawala umekwisha kumponyoka. Ukoo wa Twa, uzao wa wageni hao, ukaitwaa nchi, ambayo hatimaye ikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Ntatakwa na kizazi chake wakaachiwa Milansi na viunga vyake, pamoja na heshima ya mambo ya ibada. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliyafasiri masimulizi haya kwa marefu na mapana. Mimi huyasoma kwa njia nyepesi zaidi: mwenye nchi alikuwa kazini, na kwa kuwa hakuonekana kitini, alihesabiwa kuwa hayupo.

Fikra hiyo, kwamba kisichoonekana hakipo, ndiyo iliyoiandama ardhi ya Ufipa tangu hapo.

Atokaye Malangali, mjini Sumbawanga, akashika njia ya kusini-magharibi kuelekea Matai, hukutana na uwanda wa juu, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, wenye miti michache na majani mengi. Sisi watu wa pwani, tuliozoea kuitambua mali kwa mnazi na mkarafuu, tungeweza kupita hapo tukadhani nchi haina mwenyewe. La hasha. Jirani zao wa nchi za miombo hukata matawi, wakayachoma na kupanda juu ya majivu. Mfipa, asiye na miti ya kutosha, alibuni ilimu yake mwenyewe. Mvua zikiwa zimeshiba na majani yamekuwa marefu, huyafukia chini ya udongo uliorundikwa kuwa vichuguu vya duara, viitwavyo intumba. Majani huoza humo ndani. Msimu ufuatao vichuguu husawazishwa, na ulezi hupandwa juu ya rutuba hiyo. Baada ya mavuno kadhaa shamba huachwa lirudi kuwa majani. Kwa hiyo majani yale ni mbolea inayongoja zamu yake, na uwanda ule ni shamba lililolala.

Sheria za wageni hazikuwa na neno la shamba lililolala. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na mwenye kudai haki yake alitakiwa aithibitishe. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, waliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana; ikabidi sheria irekebishwe mwaka 1928 ili haki ya wenyeji kwa mila itajwe waziwazi. Uhuru ulipokuja, umilikaji wa milele ulifutwa mwaka 1963, lakini msingi ule haukung'olewa. Gavana aliondoka, Rais akashika mahali pake.

Juu ya msingi huo ndipo zilipojengwa ranchi za taifa. Kongwa ilirithi mashamba ya karanga ya Waingereza, mradi ule uliofilisika mwaka 1951. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliundwa mwaka 1975, na mikopo ya Benki ya Dunia ilisaidia kupanua ufugaji wa namna hiyo. Ufipa ilipata Ranchi ya Kalambo. Nia haikuwa mbaya: nyama kwa miji, mitamba bora kwa wafugaji. Lakini ranchi ni ukubwa, na ukubwa wataka fedha za kila mwaka. Fedha zilipokauka, ng'ombe walipungua na uwanda ukabaki na mipaka yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliamua kuzimega ranchi hizo. NARCO ilibakiwa na sehemu, na sehemu nyingine zikapimwa kuwa vitalu vya kupangishwa Watanzania walioomba na kuonyesha uwezo wa kuviendeleza. Kalambo nayo ikamegwa.

Hapa msomaji wa visiwani atakumbuka eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa ya Unguja na Pemba yaligawanywa kwa vipande vya eka tatu, wakapewa watu ambao wengi wao walikuwa wakilima muhogo chini ya mikarafuu ya wengine. Mgawanyo ule ulikuwa na machungu yake, na makovu hayajafutika; lakini swali lake la kwanza lilikuwa, nani hana? Mgawanyo wa ranchi uliuliza, nani anaweza? Ni maswali mawili tofauti, na hakuna hesabu ya ekari itakayoyafanya kuwa moja. Mwanakijiji wa Ufipa, mwenye jembe na ng'ombe wanne wa kukokotea plau, hana cha kujibu katika swali la pili, hata kama babu yake alifukia majani katika ardhi hiyo hiyo.

Sheria mpya za 1999 zilikuja na ahadi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, inaitambua haki ya kimila kuwa sawa na hati ya Serikali, na si jambo dogo. Lakini dada yake, Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka huo huo, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Namba 5 haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana juu ya kauli hizo mbili tangu wakati ule. Mwenye intumba hahitaji wanasheria kuiona hatari: mwaka shamba lake linapolala, majani yakamfika kiunoni, mpimaji akipita ataandika nini?