Kipenyo, si unene

Dukani tunaomba “mpira mnene” wa maji, na muuzaji anatupa wenye ukuta mnene na tundu jembamba. Hakukosea, ametupa tulichoomba. Neno linalofaa ni kipenyo, kutokana na kitenzi penya: pale maji yanapopenya ndipo panapopimwa.

Wasafishaji wa mazulia wanalijua hili kwa mikono yao. Mashine yao ina mipira miwili: mwembamba unaopeleka maji ya sabuni kwa shinikizo, na mpana unaofyonza maji machafu. Ukibadilisha huo wa kufyonza kutoka inchi 1.5 hadi inchi 2, njia haiongezeki kwa theluthi tu, bali kwa karibu asilimia 78, maana eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo. Mashine ikiwa na nguvu ya kutosha, zulia hukauka upesi. Mpira wa kufyonza ukiwa mwembamba na mrefu hupoteza nguvu njiani kwa msuguano, na zulia hubaki chepechepe hadi likavunda.

Basi ukienda dukani, taja kipenyo cha ndani, na uombe kipimwe mdomoni mwa mpira, mbele yako.