Kiungo Kilichoufungua Mlingoti

Mabaharia wa zamani walisimamisha mlingoti imara, wakaachia usukani kazi ya kuelekeza chombo. Mwaka 1967, huko California, mhandisi wa ndege Jim Drake na rafiki yake Hoyle Schweitzer walifanya kinyume walipounda ubao wa tanga kwa mchezo wa majini. Waliunganisha mlingoti na ubao kwa kiungo kinachopinda kila upande, wakaweka upinde wa mbao uliokumbatia tanga kulia na kushoto, wa kushikia. Usukani haukuwapo. Ukitaka kuuelekea upepo, unalilaza tanga nyuma. Ukitaka kuukimbia, unalilaza mbele. Kamba zote za kuuzuia mlingoti usianguke, kazi yake sasa ilifanywa na mwili wa mtu.

Newman Darby wa Pennsylvania alikuwa ameunda ubao wa tanga mwaka 1964, ingawa mwendeshaji wake alilipa tanga mgongo. Darby hakuchukua hataza, na naamini heshima anayopewa bado ni ndogo.

Ubao wa California, wenye urefu wa mita 3.65 hivi, ulipenda maji tulivu. Huko Kailua, Hawaii, mawimbi yaliurusha na kumwacha mtu nyuma. Katika miaka ya 1970 vijana wa pale, akiwamo Larry Stanley, walianza kuvaa mkanda wenye ndoano na kujiangika kwenye upinde, na nguvu ya upepo ikahama mikononi ikaenda kiwiliwilini. Kisha wakafunga ubaoni kanda za kuchomekea miguu. Baada ya kile kiungo, hakuna kilichougeuza mchezo huu kuliko kanda hizo. Mtu aliweza kuruka hewani na ubao wake na kutua nao. Tena, miguu ikishashikwa, urefu wa nini? Miaka ya 1980 mbao zilifupishwa mno, nyingine zikawa zinazama zikisimama na kuelea zikikimbia tu.

Kasi ikapanda. Mwaka 2015, Mfaransa Antoine Albeau alifikisha noti 53.27 kwenye mfereji uliochimbwa Lüderitz, Namibia: karibu kilomita 99 kwa saa.

Lakini ubao unaozama haumfai anayejifunza, wala haufai siku ya upepo hafifu. Mbao pana zilipunguza tatizo hilo. Kisha likaja bawa linalofungwa chini ya ubao, ambalo kwa mwendo huunyanyua wote juu ya maji, hivyo upepo mdogo ukatosha kuupeleka mbio. Kwenye Olimpiki ya 2024, mashindano yaliyofanyika Marseille, medali zote za mchezo huu zilishindaniwa juu ya mabawa hayo.